Geti Kali Lifunguliwe Lini?

Leo nakuja na kesi. Si kesi ya mahakamani, ni kesi ya sebuleni kwa dada yangu, na hakimu mwenyewe nilikuwa mimi. Cheo hicho sikukiomba. Lakini ukizaliwa mjomba wa watu, ipo siku utapigiwa simu saa 2 usiku uambiwe: "Njoo uongee na huyu mwanao, mimi kanishinda." Unajua tena mambo ya dada zetu. Mtoto akifaulu mtihani ni mwanangu, akileta soo ni mwanao.

Ilikuwa Jumapili moja ya Januari, mwaka 2024. Nikajikokota mpaka Tabata. Nafika, namkuta dada kanuna kwenye kochi, binti yake kanuna kwenye stuli, na mdogo mtu wa kiume, miaka 14, anakula chapati macho kodo kama yuko sinema. Hata "shikamoo anko" aliitoa mdomo umejaa.

Jina la mpwa wangu naliweka kapuni, tumwite Binti. Ana miaka 16 na miezi 9, ila ukimuuliza atakwambia "karibu 17, anko." Kamaliza kidato cha nne Novemba na yuko nyumbani anasubiri mambo ya kidato cha tano. Ni mtoto wa geti kali haswa. Maisha yake yote ni shule, chuoni na nyumbani. Akichelewa nusu saa dukani, mama yake anasimama getini mikono kiunoni.

Sasa huyu wa geti kali ndiye anayetaka kwenda Zanzibar mwezi Februari kwenye tamasha la Sauti za Busara. Yeye na mashoga zake wawili. Hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna mjomba. Siku tatu, na muziki unapigwa mpaka usiku mkubwa.

"Kwa hiyo mwanangu avuke bahari akacheze ngoma usiku, mimi nilale?" dada akauliza. Hakuniuliza mimi. Aliliuliza pangaboi.

BINTI AJITETEA

Nikasema, kabla ya hukumu tumsikilize mshitakiwa. Binti akavuta pumzi, akashusha nondo zake. Si utani, huyu mtoto akasome sheria.

Kwanza, alisema, hili si disko la uchochoroni. Sauti za Busara imeanza mwaka 2004, inafanyika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, na watu wanapiga vyombo kwa mikono yao, si mambo ya kuweka kanda na kuchezesha midomo. Marehemu Bi Kidude alipanda jukwaa lile. Taarabu ipo, ngoma zipo, bendi zinatoka Afrika nzima. "Anko, hata wazungu wanapanda ndege kuja, mimi wa boti nakosa nini?"

Pili, hela anayo. Desemba nzima amesuka watu nywele barazani. Nauli, tiketi na chakula haombi mtu.

Tatu, na hapa sauti yake ikapanda: "Huyu," akamwonyesha mdogo wake kidole, "ana miaka 14. Anakwenda uwanjani kuangalia mpira wa usiku na washkaji zake, anarudi saa 5, hakuna aliyeitisha kikao. Mimi ni kwa sababu ni msichana tu?"

Chapati ikasimama mdomoni. Dada akaangalia pembeni. Na mimi nikakohoa kikohozi cha mtu aliyekosa jibu, kwa sababu Binti alikuwa amesema kweli tupu. Nyumba nyingi za Kiswahili mtoto wa kike anafungiwa mpaka asahau njia ya dukani, wa kiume anaachiwa kama kuku wa kienyeji. Halafu siku ya siku wote wawili hawajui kujilinda. Yule hajawahi kutoka, huyu hajawahi kufundishwa.

MASWALI YA MJOMBA

Nikaona hapa ubabe hautasaidia. Nikamwambia Binti, nitakuuliza maswali, ukiyajibu yote mimi mwenyewe nitakuombea ruhusa.

Swali la kwanza: mmepotezana na simu zote zimeisha chaji. Mnakutana wapi?

"Kwenye jukwaa."

Nikamwambia, mama, kwenye jukwaa ndiko waliko watu wote. Ukimtafuta mtu pale ni sawa na kutafuta punje ya mchele kwenye gunia la mchele. Sehemu ya kukutana inakuwa nje ya msongamano, kitu kisichohama, na mnapatana kabla hamjaingia.

Swali la pili: namba ya mama yako unaijua kwa kichwa?

Akacheka. Akaanza, "Sufuri saba..." akasita. Hakuijua! Simu ndiyo inayoijua, yeye haijui. Na wewe msomaji usicheke, hebu jaribu ya mama yako sasa hivi.

La tatu: mkaka mtanashati anakuletea soda imeshafunguliwa. "Siinywi." Safi. Na ukiacha ya kwako ukaenda chooni? "Nikirudi siigusi tena." Safi sana.

La nne: shoga yako mmoja amempata huyo mkaka, anasema nyie tangulieni, mimi nitakuja. Hapo Binti akakuna kichwa. Nikajua hilo hawajaliongea.

La tano nililiuliza kama la kumalizia tu. "Mambo yakiharibika usiku, kweli kweli yaharibike, utampigia nani?"

"Nitampigia shoga yangu aliyebaki Dar."

"Kwa nini si mama?"

Akajibu bila kufikiri: "Anko, mama si ataniua!"

Sebule ikawa kimya. Nikamtazama dada. Dada naye akanitazama, halafu nikamwona anaushika mkono wake wa kushoto, pale juu ya kiwiko, kwenye kovu. Nikajua tunawaza siku ile ile.

IDD YA 1994

Msomaji wangu, hapa ngoja nikuchukue nyuma kidogo. Machi 1994, Idd el Fitri. Mimi nina miaka 15, dada ana 13. Tunaishi Magomeni. Enzi zile sikukuu bila disko toto haijawa sikukuu. Ukishapewa hela za Idd na wajomba, unavaa nguo mpya, unakula pilau, unakwenda kujirusha. Vijana tulikuwa tunavaa suruali nyuma mbele kama Kris Kross, tukijiona tumefika Marekani, kumbe tunapata tabu hata kuingiza mkono mfukoni.

Mshua wetu alikuwa hataki kusikia neno disko. Kwa hiyo tukaaga kwamba tunakwenda kwa bibi Kariakoo. Tukavuka Jangwani kwa miguu, mpaka kwenye ukumbi mmoja wa katikati ya jiji, ambao siutaji jina. Ndani watoto tumejaa kama dagaa kwenye gunia, joto linatoka ukutani. Muziki Shabba Ranks, muziki Pepe Kalle. Raha!

Saa 12 jioni wakatangaza zamu imekwisha, tutoke, kundi la pili liingie. Mlango ulikuwa mmoja. Sisi tunatoka, wao wanaingia. Nakumbuka miguu yangu iliacha kugusa sakafu. Sitii chumvi. Nilikuwa nimebebwa na watu, mikono imebanwa ubavuni, nasikia watoto wanaita mama zao. Mkono wa dada nilikuwa nimeushika. Halafu sikuwa nimeushika tena.

Nilimpata nje kama robo saa baadaye, ameketi kwenye ukingo wa mtaro. Mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa halii. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Kaka, tutamwambiaje baba?"

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka 13, mfupa umevunjika, na anachoogopa ni baba. Kibanda cha simu kilikuwepo, na jirani yetu alikuwa na simu. Hatukupiga. Tulitembea kwa miguu kurudi Magomeni, yeye ameubeba mkono wake kama amebeba mtoto mchanga. Njiani tukatunga uongo: tulirudi mapema, akapanda mwembe wa nyuma ya nyumba, akaanguka. Hospitali alipelekwa usiku, mfupa ukaungwa vibaya, na hadi leo akiinua ndoo kwa mkono ule lazima apumzike.

Mshua alituamini. Wiki iliyofuata akakodi mtu mwenye shoka, akaukata ule mwembe. Mwembe uliokuwa unatupa kivuli, mwembe ambao mama alikuwa anatengenezea achari na kuuza. Tulisimama dirishani mimi na dada tukiuangalia unaanguka, hakuna aliyefungua mdomo. Mzee alifariki mwaka 2009. Hakuwahi kujua.

UMATI UNAVYOUA

Wengine mtasema, ah, hayo mambo ya zamani. Zamani? Oktoba 1, 2008, Idd el Fitri vilevile, watoto wapatao 20 walifariki kwenye ukumbi wa disko mjini Tabora kwa msongamano na kukosa hewa. Ndiyo maana sikukuu zikikaribia utawasikia polisi wa mikoa wakipiga marufuku disko toto. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, jijini Kampala, watu waliokuwa wanakimbilia fataki za mwaka mpya walibanana kwenye kichochoro cha jengo la maduka. Walikufa watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana wadogo. Na kwa wale wanaodhani Ulaya na Marekani wana dawa, Novemba 5, 2021, kwenye tamasha la Astroworld la Travis Scott kule Houston, walikufa watu 10. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 9. Na huyo hakwenda peke yake, alikuwa mabegani kwa baba yake.

Hapo ndipo nataka wazazi wanaosoma gazeti la vijana wao kwa kuibia wanielewe. Mtu mzima peke yake si hirizi. Ujuzi ndio kinga.

Na ujuzi wenyewe ni huu. Watu hawafi kwa kukanyagwa tu, wengi hufa wakiwa wima. Kifua kinabanwa mbele na nyuma mpaka mapafu hayana pa kupanukia. Watu wakifika 5 au 6 kwenye mita moja ya mraba, umati unaanza kwenda kama maji, na wewe huna hiari tena na miguu yako. Kwa hiyo ukiona mabega yanakugusa pande zote nne na huwezi kuinua mkono kujikuna pua, ondoka wakati huo huo, usisubiri wimbo uishe.

Ukishanaswa, mikono iweke mbele ya kifua kama bondia, ili upate nafasi ya kupumua. Usipige kelele ovyo, pumzi ni mali. Wimbi likija usishindane nalo, likitulia sogea kimshazari kuelekea pembeni. Kaa mbali na kuta na vyuma. Kiatu kikivuka, kiache. Simu ikianguka, iage. Ukianguka na huwezi kuinuka, jikunje, lala ubavu, kinga kichwa. Na ukiingia ukumbi wowote, kitu cha kwanza si kutafuta meza, ni kutafuta mlango wa pili.

Masikio nayo usiyasahau. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100. Ukirudi nyumbani masikio yanalia ngiii, ujue ulisimama karibu mno na spika.

MIAKA MINGAPI BASI?

Haya, turudi kwenye kesi. Sheria inasemaje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Zanzibar wana yao ya mwaka 2011, nayo inasema hivyo hivyo. Pombe kabla ya 18 ni marufuku. Kwa hiyo mtoto wa miaka 16 akienda tamashani, machoni pa serikali ni mtoto aliyekwenda tamashani. Mzazi ndiye atakayeulizwa.

Wenzetu Waingereza, kwenye matamasha yao ya Reading na Leeds, mtu wa miaka 16 anaingia mwenyewe, chini ya hapo lazima awe na mtu mzima. Glastonbury nao mpaka wao ni huo huo wa 16. Tamasha la Reading linakuja mwishoni mwa Agosti, wakati vijana wa umri huo wametoka kupata matokeo ya mitihani, kwa hiyo wanajazana kule kusherehekea au kuzika majonzi. Ni kama Binti wetu na kidato cha nne chake. Tofauti ni kwamba wale wamezoeshwa kupanda treni wenyewe tangu wadogo. Wa kwetu kazoeshwa geti.

Mimi nikaona namba moja haiwezi kumfaa kila mtoto. Kuna wa miaka 15 anayelea wadogo zake watatu, na kuna wa miaka 22 ambaye hajui kununua vocha. Nikawapangia ngazi, na wewe ukitaka ichukue.

Miaka 13 na 14, nenda na mtu mzima, tena mchana, na mtu huyo akae karibu, si kwenye kiti cha baa.

Miaka 15, nenda na wenzako kwenye onyesho la mchana la mji wenu. Mtu mzima anawaleta na anawafuata, saa inajulikana.

Miaka 16 na 17, usiku unawezekana, lakini mtu mzima awe mji huo huo, simu ikiwaka, anaweza kufika kwa miguu. Asiingie kuwachunga. Awepo tu.

Miaka 18, geti liko wazi. Ila kuaga ni adabu hata ukiwa na 40.

Na kila ngazi ni kwa wote, wa kike na wa kiume. Hapo nikamgeukia mwana wa chapati. Kuanzia wiki ile, mpira wa usiku bila mtu mzima kwake ukafutwa. Alilia kama kafiwa. Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

MAMA AVUNJA UKIMYA

Lakini ngazi hazikuwa na maana kama lile jibu la "ataniua" linabaki. Dada alilijua hilo kuliko mimi. Akainuka, akakaa chini kwenye mkeka karibu na stuli ya mwanawe, akaukunja mkono wa gauni.

"Hili kovu nilikwambia nilipata wapi?"

"Ulianguka mwembeni, kwa babu."

"Sikuanguka mwembeni."

Akamsimulia yote. Ukumbi, mlango, mtaro, mwembe kukatwa. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Miaka 30 tumeificha hadithi ile, na mwisho aliitoa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma risiti. Binti akaushika ule mkono na hakuuachia.

Halafu dada akasema jambo ambalo ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila geti la Dar es Salaam. "Baba yangu alikuwa mtu mzuri, lakini nilimwogopa kuliko nilivyoogopa kuvunjika. Mimi sitaki hivyo. Ukienda, likitokea lolote, unanipigia mimi kwanza. Usiku ule sitakugombeza. Nitakugombeza asubuhi."

Hukumu ikatoka. Watakwenda Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wanarudi. Watalala kwa mama yetu mdogo, Michenzani, kwenye maghorofa. Mimi nitakuwepo pale pale nyumbani, nakula boribo, siingii Ngome Kongwe. Mwisho saa 5 usiku wawe nje. Wamekwenda watatu, wanarudi watatu. Namba mbili za simu kichwani na kwenye kikaratasi ndani ya kiatu, pamoja na 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Na wazazi wa wale mashoga wawili walipigiwa simu wote. Mmoja, kumbe, alikuwa hajaambiwa chochote!

USIKU WA JUMAMOSI

Ijumaa ilipita salama. Walifuata maandamano ya ufunguzi mitaani na ngoma zake, wakala urojo Forodhani, saa 5 kasoro wakawa mlangoni, wanaongea wote kwa pamoja. Nikasema, kumbe rahisi.

Jumamosi, saa 4 na dakika 40 usiku, simu yangu ikalia. Si Binti, ni dada, kutoka Dar. "Kaka, kimbia. Shoga yake kaanguka, wako nje ya Ngome, upande wa Forodhani. Kanipigia mimi."

Michenzani mpaka pale ni mwendo wa dakika 20. Sijui nilitumia ngapi, najua ndala moja ilibaki njiani na niliiaga.

Niliwakuta watatu, kama walivyokwenda. Mgonjwa ameketi chini ameegemea mti, amelowa jasho, kichwa kwenye bega la Binti. Kisa: toka asubuhi hajala, alikuwa anatunza hela za kununua kanga. Wamecheza mbele kabisa, watu wakawa wanazidi, akaanza kuona giza. Binti akaona mabega yamegusana pande zote nne, akakumbuka. Akamshika huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, wakatoka kimshazari mpaka ukutani, mtu wa usalama akawasaidia kutoka nje. Simu yake ilikuwa imezima. Akaazima ya mama muuza mishikaki na kupiga namba ya mama yake kwa kichwa.

Nilimnunulia mgonjwa juisi ya miwa na chapati mbili, akafufuka. Nikachukua teksi. Njiani nikamuuliza Binti, mbona hukunipigia mimi niliye karibu?

"Mama alisema nimpigie yeye kwanza."

Je, dada alitimiza ahadi? Alitimiza yote. Usiku ule alimwambia tu, "Umefanya vizuri mwanangu, lala." Asubuhi saa 1 kamili akapiga simu na kugombeza dakika 35 bila koma, juu ya kusimama mbele karibu na jukwaa, juu ya kutokula, juu ya simu kutochajiwa. Binti aliweka simu mezani, akawa anakunywa chai huku anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama." Kila baada ya dakika kadhaa alikuwa anatabasamu.

Kwa hiyo wewe kijana unayenung'unika kwamba nyumbani kwenu ni geti kali, jiulize kwanza: namba ya mama unaijua? Na wewe mzazi unayeshikilia ufunguo, jiulize: mwanao akiharibikiwa saa 5 usiku, atakupigia wewe au atatunga mwembe?

Binti sasa anasema akitimiza 18 atakwenda na hataki nimfuate. Nimemwambia sawa. Ila mwezi Februari mimi huwa napenda kwenda kula boribo Michenzani, na sidhani kama hilo linamhusu.

Tukutane wiki ijayo. Alamsiki.